Mashine ya kuotesha damu: uzoefu wangu maabara, Lindi

Nipo maabara ya hospitali hapa Lindi, na hakuna kifaa kilichotusaidia kama mashine ya kuotesha damu. Kazi yake ni kuonyesha kama kuna bakteria kwenye damu ya mgonjwa. Unaingiza chupa yenye damu hiyo, inakaa kwenye nyuzi 35 ikitikiswa, na kila dakika 10 mashine inasoma kitako chake kuona kama kuna kabonidayoksaidi inayotolewa na bakteria. Wakiota, kengele inalia. Siku 5 zikipita kimya, unatoa majibu kwamba hakuna kilichoota. Kabla yake tulikagua chupa kwa macho, asubuhi na jioni.

Naisifu kwa moyo wote. Ila anayetaka kuinunua ajue kwamba haichagui: bakteria wa ngozi na bakteria wanaoua, wote inawapigia kengele ileile. Mama anabaki wodini na kichanga chake, sindano zinaendelea, kumbe kilichoota ni stafilokoka tu, bakteria wa ngozi aliyeingia kwenye chupa wakati wa kutoa damu. Hilo linaniuma sana, kwa sababu linazuilika.

Angalieni kizibo cha chupa. Ukibandua kifuniko cha plastiki, mpira wa chini unang'aa, basi wengi wanachoma sindano papo hapo. Mpira ule haujatakaswa! Ufute kwa spiriti ya asilimia 70, uache ukauke. Na ile pamba inayolowekwa kwenye kopo asubuhi ikatumika mpaka jioni, naomba tuachane nayo kabisa. Spora za basilasi, yaani mbegu ngumu za aina fulani ya bakteria, hazifi kwa spiriti, zinakaa humohumo zikisubiri mgonjwa anayefuata. Tumieni vipamba vya pakiti, kimoja kwa mgonjwa mmoja. Ngozi isuguliwe kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti, ikauke, na mshipa usipapaswe tena kwa kidole.

Kwa mtu mzima chukueni damu sehemu mbili tofauti, mililita 8 hadi 10 kila chupa. Stafilokoka wa ngozi akiota kwenye chupa moja na nyingine zikabaki kimya, daktari ana pa kusimamia kusema ni uchafu wa ngozi, si ugonjwa.

Umeme ukiyumba, UPS, yaani betri ya akiba ya mashine, ni lazima. Shida kubwa kwetu ni chupa zenyewe: kabla ya kutumika hazitakiwi kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na joto la huku Desemba mnalijua, kwa hiyo stoo iwe na kiyoyozi. Tena zinatoka Dar. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, mzigo haukupita. Agizeni mapema kabla ya masika, mkiangalia tarehe ya kuisha muda.