Fundi miguu wa Nzuguni: nyota nne, ya tano imebaki chooni

Kama una kaka, mume au baba aliyerudi toka jeshini na mguu pungufu na mko huku Dom, Manyoni au Singida, hii inawahusu. Kuna karakana ndogo ya miguu bandia njia ya Nzuguni, bango hamna, matangazo hamna, we mwambie tu bodaboda akupeleke kwa fundi miguu. Namsifia jamaa ila sio kwa yote, subirini nifike chooni.

Kaka yangu aliumia Congo kwenye ulinzi wa amani. Sio Semuliki, maana mtu akisikia Congo lazima aulize Semuliki, ile ya Desemba 2017 walipouawa vijana wetu wasiopungua 14 na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Na hapo nina neno kidogo, waliofariki tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai, mkuki, ngao na shada vinawekwa mnarani, sawa kabisa, ila waliojeruhiwa tunaishi nao mtaani na wanachoulizwa ni kama hela ya jeshi bado ipo. Haya tuendelee.

Mguu wake wa kwanza alipewa sehemu nyingine ambayo siitaji. Haukuwa mbaya, shida walimkabidhi wakamuaga. Sasa kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, mwaka wa kwanza hakitulii, uvimbe unashuka, nyama isiyofanya kazi inasinyaa, kwa hiyo soketi, lile kombe la mguu bandia kigutu kinapoingia, iliyokuwa imembana vizuri mwanzoni ikaja kulegea, akawa anaongeza soksi juu ya soksi na bado anachubuka. Mguu ukaishia nyuma ya mlango, kaka akarudi kwenye magongo, na ukiwa na magongo mawili hata kikombe chako cha chai huwezi kujibebea mpaka umwite mtoto. Mtu mzima, koplo, anamwita mtoto ambebee chai. Ndo tukaambiwa kuhusu huyu fundi.

Kasomea Moshi pale KCMC, kwenye kile chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichopo tangu 1981 na kinachopokea wanafunzi toka nchi kibao za Afrika. Siku ya vipimo alianza na maswali kwanza, unataka kufanya kazi gani, utasimama muda gani kwa siku, njia ya kwenu ina mchanga au lami, choo cha nyumbani kikoje. Kaka akasema anataka kuchomelea mageti. Wengine wote tulikuwa tunamwambia atafute ulinzi, si ndo kazi ya mjeda mstaafu, fundi akasema sawa, tutatengeneza mguu wa kuchomelea. Akachora kwa penseli ya wino sehemu zote za mfupa, akafunga POP, ile plasta ya kuchukulia umbo la kigutu, akabonyeza kwa vidole gumba pale kwenye kano chini ya goti panapobeba uzito, akatulia hivyo hivyo mpaka ikakauka.

Siku ya kujaribu ndo nilimkubali. Kaka anatembea katikati ya vyuma viwili, fundi kampa mgongo, anatazama ukutani, anasikiliza. "Afande, kisigino kinachelewa, njoo." Anakaza skrubu, tembea tena, anasikiliza tena, mpaka mlio wa kushoto na wa kulia ukalingana, na kitambo chote hicho hajauangalia mguu hata kidogo.

Na ukishapewa hujaagwa. Wifi yangu alifundishwa kukagua kigutu kila jioni, wekundu usipoisha ndani ya dakika 20 baada ya kuvua basi turudi, soketi inabana vibaya mahali. Joto la Dodoma mnalijua, jasho linajaa ndani, kwa hiyo mchana anavua, anafuta, anakausha, ndo anaendelea. Cheche za kuchomelea zilipoanza kutoboa plastiki akashonewa kifuniko cha ngozi, bure. Usiku vidole visivyokuwepo vilikuwa vinamuuma kama vinakanyagwa, hapo wakamfanyisha mazoezi ya kioo, anachezesha mguu mzima huku akiutazama kwenye kioo kana kwamba ndo ule uliokatwa. Kwake imesaidia kiasi, sisemi itamsaidia kila mtu.

Kuna mzee pale, wa vita ya Kagera, naye mguu mmoja, haajiriwi ila yupo kila siku. Anafundisha wageni jinsi ya kudondoka na kunyanyuka bila kushikwa. Ni yeye alimkalia kooni kaka kuhusu mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 2 ni ya watu wenye ulemavu na mkopo wake hauna riba. Kaka alikuwa anagoma kujaza fomu kwenye kipengele cha ulemavu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, jeshi lilikupangia kuanzia saa kumi na moja alfajiri, huku hakuna wa kukupangia, jaza." Kajaza. Ilichukua muda ila ilitoka, mashine ya kwanza ilinunuliwa na hiyo hela.

Lawama sasa. Mtu anayekuuliza choo cha nyumbani kwako kikoje, cha kwake ni cha kuchuchumaa! Wateja wana mguu mmoja, jamani! Bomba la kushikia hakuna, kaka ilibidi nimshike mabega mlangoni na wote tuliona aibu. Kokoto getini nazo ni mtihani kwa mwenye kiti mwendo. Mambo ya kichwani, zile ndoto na hasira za ghafla, hawana mtu wa kuongea naye, na ukimwambia mjeda aende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini, anadhani umemtukana, hivyo mzee wa Kagera anafanya kazi ambayo sio yake. Bei nayo sio ya kitoto, ulizeni bima yenu mapema, na nyayo bandia zikimwishia fundi mnasubiri mzigo mpaka mchoke.

Jumamosi msiende asubuhi, fundi anakuwa mnadani Msalato. Pigeni simu kwanza.