Vifaa vya kuvulia Mtera wakati wa joto: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza za Desemba, jua la Dodoma huwa halina huruma, na Bwawa la Mtera nalo hushuka kwa sababu maji yanaendelea kufunguliwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu huku mito ikileta kidogo tu. Ndicho kipindi ambacho watu wengi wa mjini huanza kuulizia vifaa vya kuvulia. Barabara ya Iringa ni lami, ukiondoka alfajiri unafika mapema, na kina kikishapungua samaki hujikusanya sehemu chache.

Shida ni kwamba wengi huingia dukani wakiwa wametoka kutazama video za Canada na Marekani. Kule kuna samaki aina ya trauti wa maziwani anayependa maji ya baridi, nyuzi joto 10 hivi. Kiangazi chao kikifika, maji ya juu yakapata joto, samaki huyo huzama mita 20, 30, hata zaidi, na kwa kuwa maziwa yale ni ya baridi na yana kina kirefu, huko chini bado anapata oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo wavuvi wake hununua vyuma vizito vya kushusha chambo, rili kubwa (gurudumu la kuzungushia uzi kwenye fimbo), na mashine za kupima kina. Kwao ni sawa kabisa.

Mtera ni habari nyingine. Ni bwawa pana lisilo na kina kirefu, lililojengwa kwenye Ruaha Mkuu miaka ya 1970, na likijaa linazidi kilometa za mraba 600. Likijaa, usawa wa maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni 690, yaani mita 8.5 tu ndizo zinazopanda na kushuka. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na siku zisizo na upepo maji ya chini kabisa huishiwa. Perege hawezi kukaa huko, hivyo utampata kandokando na kwenye maji ya kati, hasa asubuhi. Kambale ndiye anayeshuka, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa: hupanda juu, akavuta pumzi, akarudi kwenye tope. Ukivua kina kirefu Mtera wakati wa joto, basi unamtafuta kambale kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, na juu yake pamesimama mamia ya miti iliyokufa tangu bwawa lijazwe. Miti hiyo ndiyo itakayoamua ununue nini, kuliko hata samaki mwenyewe.

Chaguo la kwanza: mshipi wa mkono

Kwa anayeanza, na hata kwa aliyezoea, hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Mshipi, ndoana, chubwi (kizito cha kuzamishia chambo), na kibao au chupa ya kuzungushia uzi. Hakuna cha kuvunjika, na ukinasa kwenye mti unapoteza kidogo. Ila sehemu zake mbili, uzi na ndoana, zinunuliwe kwa makini kuliko mtu anavyodhani.

Uzi uwe wa nailoni wa mstari mmoja. Kwa kambale chukua unene wa milimita 0.40 hadi 0.50. Kwa perege 0.20 hadi 0.25 unatosha, na mnene zaidi ya hapo anauona. Ukitaka uzi mmoja wa kazi zote, 0.35. Soma unene, usisome kilo za uzito ambao uzi unadaiwa kubeba, kwa sababu kilo zilizoandikwa kwenye uzi wa bei rahisi mara nyingi ni za kumpendeza mnunuzi.

Halafu angalia uzi ulikuwa umekaa wapi. Nailoni huharibiwa na jua, na kwa jua hili letu, kibunda kilichoning'inizwa nje ya duka miezi kadhaa kimeshachoka kabla hujakinunua. Omba kilichokuwa ndani ya boksi. Vuta urefu wa mikono miwili, upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada: usikie ulaini mwanzo mwisho, bila mkwaruzo wala unga mweupe unaobaki kwenye ngozi. Kisha funga fundo la kawaida katikati, ulowanishe kwa mate, uvute taratibu kwa mikono yote miwili. Uzi mzima unajivuta kidogo kwanza, unakupa taarifa, ndipo unakatika kwa nguvu. Uliochoka unakatika ghafla bila kujivuta, tena pembeni ya fundo. Muuzaji mwelewa atakuacha ujaribu. Anayekataa, mshukuru, nenda duka la pili. Na usikubali kuuziwa uzi wa mafundi ujenzi kwa maelezo kwamba "ni nailoni hiyohiyo, kaka." Ule wa kunyooshea ukuta unavuta maji na kujisokota, na samaki anauona kutoka mbali.

Uzi wa kusuka una sifa kubwa: ni mwembamba, una nguvu, haujivuti, na ukiwa kwenye kina unasikia hata samaki akinusa chambo. Lakini kwenye mshipi wa mkono unakata vidole, na ukisuguana na gome la mti mkavu huchanika haraka kuliko nailoni. Uache kwa ajili ya fimbo.

Ndoana zina hesabu inayochanganya. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukishapita namba 1 hesabu inageuka, 1/0, 2/0, 3/0, na hapo zinazidi kuwa kubwa. Mdomo wa perege ni mdogo, mpe namba 8 au 10. Kambale ana domo pana, mpe 1/0 hadi 4/0. Jaribu ncha kwa kuiburuta kidogo juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Angalia na tundu la kufungia uzi, mduara uwe umefungika kabisa, maana mwanya mdogo tu unakata uzi. Ukipata ndoana za mviringo, zile ambazo ncha yake imeelekea ndani, zichukue kwa ajili ya kambale. Hazihitaji kuvutwa ghafla kwa nguvu, samaki akiondoka nayo, kaza uzi tu, itamshika pembeni ya mdomo badala ya kumezwa, na aliye mdogo utaweza kumrudisha majini akiwa mzima.

Chubwi usinunue. Pita kwa fundi wa bodaboda, muombe plagi zilizokufa. Zina uzito mzuri, na katikati ya ile miti utazipoteza nyingi. Ifunge plagi kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili ikinasa ikatike yenyewe na ndoana irudi. Ukiamua kutumia chubwi za madini ya risasi, tafadhali usizibane kwa meno. Ni sumu, na watoto wanaiga.

La pili: ufito

Kwa perege wa kandokando sioni kinachoupita ufito mrefu wa mwanzi, uzi wa urefu uleule, kiboya kidogo na ndoana namba 10. Chagua uliokauka polepole kivulini, usio na ufa kwenye pingili, unaopinda mpaka karibu na mkono bila kulia. Kina kirefu haufiki, ndiyo maana haukupata nafasi ya kwanza, lakini kwa mwenye watoto anaotaka wajifunze, aanze na huu.

La tatu: fimbo ya vipande viwili na rili

Hii ndiyo ya kununua ukishazoea, na ndipo uzi wa kusuka unapofaa. Urefu wa mita 2.1 hadi 2.4, rili ya saizi 3000 au 4000. Dukani usivutiwe na rangi. Kaza breki nusu, vuta uzi kwa mkono: utoke mfululizo, usiwe wa kuruka na kukwama. Zungusha mkono wa rili huku umeiweka sikioni, chenga za ndani utazisikia. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo, nyuzinyuzi zikinasa ujue kuna ufa utakaokula uzi wako. Maandishi kama 0.35/150 kwenye rili yanamaanisha inabeba mita 150 za uzi wa 0.35. Mwishoni mwa uzi wa kusuka, unganisha mita moja au mbili za nailoni ya 0.50, hiyo ndiyo itakayovumilia miti.

La nne: fimbo ya kuvutika

Ile inayotoka kama antena ya redio, inayouzwa kwenye mfuko pamoja na rili, uzi na ndoana kumi. Inabebeka kwenye basi, hilo nalikubali. Ila mchanga ukiingia kwenye viungo fimbo inakwama wazi au inajifunga samaki akivuta, na uzi wanaouweka humo ni wa kutupa. Ukiinunua, badilisha uzi siku hiyohiyo.

La mwisho: vyuma vya kushushia chambo na mashine za kina

Viache. Chuma kizito kikiburutwa katikati ya miti ya Mtera hakirudi, na samaki anayestahili gharama hiyo huko chini hayupo.

Pesa uliyookoa hapo nunulia boya la kujiokolea, kama una mpango wa kupanda mtumbwi. Upepo wa mchana Mtera huinua mawimbi haraka. Na ukivua ukingoni, ongeza uzi kuliko unavyodhani unahitaji, ili usimame mbali na maji: mamba wapo, viboko wapo, na maji yakipungua nao hukusanyika palepale samaki walipo. Kambale mshike nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Miiba hiyo hujifunga ikiwa imesimama na huchoma vibaya.

Kabla ya safari, ulizia leseni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, na uulize kama bwawa liko wazi kwa uvuvi. Nyavu za timba (za uzi wa nailoni wa mstari mmoja), makokoro na sumu ni marufuku kisheria, hata akikuuzia mtu kwa bei ya kutupa. Chambo usikibebe kutoka mjini. Ukifika Migoli, kijiji kilicho karibu na bwawa, msalimie mzee yeyote anayetengeneza nyavu, "Shikamoo, mzee, wanakula nini wiki hii?" kisha nunua hichohicho anachokutajia.