Jagi la umeme la lita 1.7 nililonunua Kariakoo

Nimelitumia miezi miwili sasa, wati 1500, la chuma cha pua, na jamani nimelipenda kweli. Nafundisha kemia kidato cha tatu kwa hiyo siku ya kwanza tu nikachukua themomita na saa ya simu nikapima. Maji lita 1 ya bomba yalikuwa nyuzi 28, mpaka yachemke kwenye nyuzi 100 yanapanda nyuzi 72, sasa gramu moja ya maji inakula juli 4.18 (juli ni kipimo cha nishati) kwa kila nyuzi moja, na lita 1 ni gramu 1000, ukizidisha unapata kama juli 301,000. Jagi likachukua dakika 4 kamili, yaani umeme uliokwenda ni wati 1500 mara sekunde 240, juli 360,000, hivyo zaidi ya asilimia 80 imeingia kwenye maji yenyewe, iliyobaki imepotea kwenye chuma na hewani. Kwa Luku hiyo ni uniti 0.1 tu!

Wanafunzi wangu huwa wanachanganya joto (nishati inayoingia kwenye maji) na halijoto (nyuzi unazosoma kwenye themomita), nikawachemshia nusu jagi na jagi zima, yote yameishia nyuzi 100 ila jagi zima limekula umeme karibu mara mbili, hapo wakaelewa.

Kasoro ipo. Mfuniko haubani vizuri, na usipofunga mvuke haufiki kwenye swichi, linachemka tu halizimi lenyewe. Nikarudi dukani wakagoma kubadilisha, hiyo imeniuma. Mnaonunua jaribuni mfuniko hapohapo kabla hamjalipa, na msichemshe jagi zima kwa kikombe kimoja cha chai.