TAHADHARI: krenki "za resi" za huyu jamaa ni mtumba uliochongwa, usizungushie RPM kubwa

Wakuu habari za muda huu, hasa nyie wenye Evo, Subaru na Altezza mnaojenga injini za drag na track. Kuna jamaa anauza krenki (ile shafti ya injini inayozungushwa na pistoni) mtandaoni, anasema ni mpya, chuma cha 4340 (aloi imara yenye nikeli) cha kufuliwa, zinahimili RPM 9,000, yani mizunguko kwa dakika, bila shida. Jina silitaji maana kila mwezi akaunti ina jina jingine na picha nyingine, we mjue kwa mzigo wake na maneno yake.

Mi shughuli yangu ni kuchonga na kubalansi krenki hapa Dar, so mizigo yake inaishia mezani kwangu watu wakileta ipimwe kabla ya kufunga. Ya juzi ilikuwa ya 4G63, injini ya Evo. Kwa macho ni nzuri aisee, imepigwa mchanga, imepakwa mafuta, imefungwa nailoni, pembeni ina maandishi ya leza 4340. Nikaweka maikromita. Jeno ni zile shingo za mviringo zinazokaa kwenye beringi; za meni (zinazokaa kwenye bloki) za 4G63 standadi ni 57 mm na za konrodi (mkono unaoshika pistoni) ni 45 mm, hii inasoma 56.75 na 44.75, yani imeshachongwa anda saizi ya kwanza, kama zinavyofanywa zilizochakaa. Krenki mpya inatokaje kiwandani imeshachongwa 0.25? Mteja akampigia pale pale, jamaa hata hakushtuka, anajibu "hiyo ndo saizi ya mashindano, jeno ndogo inapunguza msuguano".

Na hapo ndo anapowapata wengi, kwa sababu nusu ya hayo maneno ni kweli. Wamarekani kwenye V8 zao za resi wanatumia kweli jeno ndogo za konrodi, wanashuka kutoka 53 mm na kitu mpaka saizi ya Honda ya karibu 48, ili beringi isikimbie sana. Ila zile zinatengenezwa ndogo tangu mwanzo halafu ndo zinapigwa nitraidi mwishoni, lile gamba gumu la juu. Gamba lenyewe ni jembamba, kwenye krenki nyingi halifiki hata nusu milimita na sehemu yake ngumu kabisa ni ya juu juu tu. Ukishalichonga baadae bila kulirudisha umebaki na chuma laini, na jamaa hana oveni ya nitraidi, ana jiwe la kuchongea tu.

Kibaya zaidi ni kona. Pale jeno linapoungana na mwili wa krenki panatakiwa pawe na mviringo laini, ndo panapobeba mateso yote. Kwenye ile krenki jiwe lilikuwa limeacha kona kali kabisa, kucha inakwama. Ufa unaanziaga hapo. Ukiwa 8,000 krenki inazunguka mara 133 kila sekunde, na nguvu ya pistoni kuvuta krenki inapanda kwa mraba wa mizunguko, so ukitoka 7,000 kwenda 9,000 hujaongeza kidogo kama unavyodhani, umeongeza mzigo asilimia 65 hivi. Kwa gari la kwenda Kibaha na kurudi ile krenki ingeweza kukaa tu, kwenye drag ndo unasikia imekatika konrodi imetoboa bloki, na sasaivi kutafuta bloki ya 4G63 nzima mnajua wenyewe.

Kuna mwingine alitaka injini ya kufika 8,500 na zaidi, jamaa akamuuzia krenki ya stroku (safari ya pistoni toka chini mpaka juu) ya 100 mm, eti "inaongeza CC na RPM kwa pamoja". Hapana bana. Evo ina stroku ya 88 mm, ikizunguka 8,500 pistoni inasafiri wastani wa mita 25 hivi kwa sekunde. Weka 100 mm mizunguko ileile, unapita mita 28. Honda S2000 ya kwanza, ile F20C, inafika 9,000 kwa sababu stroku yake ni 84 mm, wastani wake ni mita 25 na kidogo, na kiwanda kizima kilikaa kikaipanga kwa kazi hiyo. EJ20 ya Subaru ina 75 mm, kwa 8,000 iko mita 20 tu ndo maana inavumilia. Stroku ndefu ni nzuri kama unataka toki ya chini na tabo iwahi kuamka, ila ujue utaishia 7,500 hivi. Muuzaji anaekuahidi vyote viwili hajui anachouza au anajua sana.

Halafu wengi hamhitaji hata hiyo krenki! 4G63 ya Evo na 2JZ ya Toyota zinatoka kiwandani na krenki za chuma cha kufuliwa. Ikipimwa haina ufa, haijapinda, ikabalansiwa na flaiwili yake, ni bora mara mia kuliko huu mzigo.

Kuhusu balansi, anasema "imeshabalansiwa". Angalia matundu ya balansi, mi niliyakuta yana kutu ndani. Matundu ya oili nayo chomeka kijiti, kikitoka na tope jeusi hiyo sio mpya. Angalia na mstari wa mwilini, ule unaoachwa na kalibu, ukiwa mwembamba kama uzi ni chuma cha kumiminwa, cha kufuliwa mstari wake ni mpana umesagwa, na ile iliyochongwa toka pande zima la chuma haina mstari kabisa. Ining'inize ugonge kidogo, nzima inalia kama kengele, ikitoa sauti butu iweke pembeni. Ila kupita kote huko hakutoshi, nyufa ndogo hazionekani kwa macho, zinahitaji kipimo kama cha sumaku. Ukipata mwenye mashine ya kusoma madini ya chuma ni safi zaidi, 4340 lazima ionyeshe nikeli karibu asilimia 2, isipoonyesha nikeli basi umeuziwa maandishi ya leza.

Cheti anatoa pia. Nimelinganisha cha krenki ya Subaru na cha ile ya Evo, namba ya chuma ni ileile, saini ileile, mpaka doa la wino liko sehemu ileile 😂

Bei ndo inachanganya kwa sababu sio ya kutupa. Mpya ya 4340 ya kampuni inayoeleweka inacheza dola 1,000 hivi na kupanda kabla ya usafiri na ushuru, yeye anakaa chini kidogo ya hapo halafu anakuharakisha, kuna mtu wa Arusha anaichukua kesho, tuma nusu kwa simu. Ukimwomba video ya maikromita ikiwa kwenye jeno anakublock.

Akikupa na puli nyepesi ya alminiamu kama zawadi usifunge hiyo nayo, hasa wa 1JZ na 2JZ. Ile puli ya kiwandani yenye mpira inameza mtetemo wa krenki kujipinda, na krenki ya silinda sita ni ndefu inajipinda kwelikweli.

Kama umeshanunua kwake na injini bado haijawashwa, fungua ipimwe jeno na sumaku kwanza. Kama umetuma hela na mzigo haujaja, piga mtandao wako wa simu sasaivi wazuie muamala kabla hajatoa, tunza meseji zote uende nazo polisi, na ile namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.