Mashine ya kuhamishia santuri kwenye kompyuta: ipi ununue ukiwa Zanzibar

Kabla hujauliza bei, zitoe santuri kabatini uzitazame. Nyumba za Mji Mkongwe, na hata za Wete na Chake, zinaweza kuwa na aina mbili. Zile nzito zinazovunjika zikianguka ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu: zinazunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hubeba kama dakika tatu tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, sauti yake iliingia kwenye santuri za namna hiyo. Zile nyepesi zinazokubali kupinda kidogo ni za plastiki, za mizunguko 33 au 45, zilizoanza kuuzwa 1948 na 1949.

Mfereji wa santuri ya 78, ule inamopita sindano, ni mpana. Sindano yake ni nene karibu mara nne kuliko ya santuri za plastiki. Ukitumia ile nyembamba inazama chini kabisa, kwenye vumbi la miaka 80, na utasikia mikwaruzo zaidi kuliko udi na fidla. Kwa hiyo muuzaji akikusifia waya wa USB, wewe muulize kwanza kama sindano inabadilishika.

Nafasi ya kwanza naipa Audio-Technica AT-LP120XUSB. Ina kasi zote tatu, haitumii mkanda kuzungusha sahani, inaingia kwenye kompyuta moja kwa moja, na sindano ya 78 inauzwa peke yake. Unachomoa moja, unachomeka nyingine. Ni ghali, na huenda ukaiagiza Dubai au Uingereza. Mwenye 78 nyingi za bibi yake asitafute njia ya mkato.

Ya pili ni mashine iliyotumika, na hapa ndipo penye raha na hatari. Mitumba ya Japani ni imara kweli, lakini geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 100V, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utanusa moshi kabla ya muziki, basi transfoma ni lazima. Tazama na Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Baadhi ya mota hufuata mapigo ya umeme, na ile ya 60Hz ikifika kwenye 50Hz yetu, mizunguko 33 inashuka chini ya 28. Mwimbaji wa kike anaimba kama mzee mwenye mafua. Hapo hapo dukani bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, washa saa ya simu, uhesabu: kwa kasi ya 33 inatakiwa izunguke mara 100 kwa dakika tatu. Nyanyua sahani uuguse mkanda. Ukinata vidoleni kama lami, umekwisha, na hiyo ni sababu nzuri ya kuvuta bei. Sindano ya zamani hesabu kwamba utaibadilisha.

Mashine hiyo haina USB, kwa hiyo ongeza Behringer UFO202, kiboksi kidogo chenye kikuza sauti cha santuri ndani yake. Usichomeke mashine kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, sauti haitatoka vizuri.

Ya tatu, AT-LP60XUSB. Nyepesi, inajiendesha yenyewe, haina 78. Kwa santuri za plastiki peke yake inatosha kabisa.

Vile vibegi vya kupendeza vyenye spika ndani naviweka mwisho. Vingi vina kasi ya 78, lakini sindano ni ile ile moja kwa santuri zote, tena inakandamiza sana. Vinafaa kupamba sebule.

Programu ya kurekodia haina gharama: Audacity. Ila safisha santuri kwanza. Maji ya visima vyetu huacha chumvi. Tumia maji ya betri, na usome chupa vizuri usije ukauziwa asidi. Spiriti usiisogeze karibu na shelaki, inaiyeyusha. Ukisharekodi, weka faili ghafi pembeni bila kuligusa, halafu kwenye nakala ondoa milio ya "tak tak" kwanza. Kwa 78, changanya njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja: mikwaruzo mingi inayotokana na sindano kuruka juu na chini inajifuta yenyewe. Kupunguza mvumo kuje baadaye, tena kidogo kidogo. Ukizidisha, ganuni inasikika kama iko ndani ya pipa.

Hifadhi kwa faili la WAV, kama megabaiti 10 kwa dakika, au FLAC, inayochukua karibu nusu yake bila kupoteza sauti. MP3 iwe ya kuwatumia ndugu WhatsApp.