Nimemaliza Evil yote: uzoefu wangu na tamthilia ya mapepo iliyotugawa sebuleni

Nimeitazama Evil mpaka mwisho, misimu 4, sehemu 50, na nasema mapema kabisa: sijaona tamthilia nyingine ya mapepo iliyomheshimu mgonjwa kama hii. Mimi ni nesi, Mkatoliki, naishi Tanga. Kazini napokea watu walioletwa wakiwa hoi kwa sababu walianzia kwa mganga au kwenye mkesha wa maombi, hospitali ikawa ya mwisho. Nyumbani jioni tunasali rozari na kumwomba Mungu atuopoe na yule mwovu, na tunamaanisha. Yote mawili ndiyo maisha yangu. Muvi nyingi za aina hii zinanitaka nitupe moja.

Kwa asiyeijua, Evil ilitungwa na Robert King na mkewe Michelle. Ilianza kwenye televisheni ya CBS ya Marekani Septemba 2019, msimu wa 2 ikahamia Paramount+, huduma ya kutazama mtandaoni, ikaisha Agosti 2024. Inawafuata watu watatu jijini New York wanaotumwa na Kanisa Katoliki kuchunguza miujiza na watu wanaosemekana kuingiwa na pepo. David Acosta (Mike Colter) anasomea upadre. Kristen Bouchard (Katja Herbers) ni mwanasaikolojia, mama wa mabinti wanne, na imani yake ilishapoa zamani. Ben Shakir (Aasif Mandvi) ni fundi, amelelewa Kiislamu ila dini ameiweka kando, na yeye kabla hajakubali kwamba nyumba ina shetani atataka kwanza kukagua mabomba na nyaya. Kutoa pepo si kazi yao hasa. Wanatakiwa kusema kama pepo yupo.

Hapo ndipo waliponinasa. Wengi wetu tunadhani kuchunguza kwanza ni uhaba wa imani, kumbe Kanisa lenyewe ndivyo linavyoagiza. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inakataza padri yeyote kumpunga mtu pepo bila ruhusa ya wazi ya askofu wake. Katekisimu, namba 1673, inasema ni lazima kuhakikisha kwanza kwamba kilichopo ni Shetani na si ugonjwa, kwa sababu ugonjwa ni kazi ya tabibu. Mwaka 1999 Kanisa lilitoa mwongozo mpya mahali pa ule wa tangu 1614, nao unamtaka padri asikie pia wataalamu wa tiba. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kusikia haya yakihubiriwa. Tamthilia ya Marekani ndiyo iliyonisukuma niyatafute.

Sehemu ya 2 ya msimu wa kwanza niliitazama kwa macho ya kazini. Binti mmoja mweusi anatangazwa amekufa. Amelazwa juu ya meza ya chuma, daktari anajiandaa kumpasua, na binti anavuta pumzi. Dakika 177 baada ya kutangazwa maiti! David anaona muujiza, Kanisa linataka jibu. Wanachimba rekodi za hospitali, na kinachoibuka si malaika: wahudumu wamekuwa wakikata tamaa mapema zaidi mgonjwa anapokuwa mweusi. Nilisimamisha video. Nimeshiriki kufufua watu wodini, mikono ikiwa kifuani mwa mgonjwa, na najua ile dakika ambayo mtu mmoja anamtazama mwenzake usoni na wote wanaelewa kwamba tunaacha. Nani anaamua ni saa ngapi? Hakuna aliyetokwa povu wala kuongea kwa sauti ya kubadilika, na bado ile ndiyo sehemu iliyomwonyesha mwovu wazi kuliko zote.

Sasa sebuleni. Nakala niliyopata haikuwa na maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa namfasiria mama. Yeye alianza kwa kukataa, akisema kuweka picha za mashetani ndani ni kuwakaribisha, na kwamba tukimaliza lazima tunyunyize maji ya baraka. Tulinyunyiza. Lakini alipofika George, mama alisogeza kiti mbele. George ni yule pepo anayemjia Kristen usiku kitandani, mwili umekufa ganzi, hawezi kupiga kelele wala kuinua kidole. Nani kwetu hajui kukabwa na jinamizi? Mama alisema, "Huyo namjua, alinisumbua nilipokuwa na mimba yako." Nikamweleza kinachotokea: ubongo unaamka ilhali misuli bado imelala, ndipo mtu anaona vitu. Akaniuliza mbona basi ule usiku alipoanza kusali kilimwachia. Sikumbishia. Tamthilia nayo haimbishii, maana kila safari Kristen anapopata maelezo ya kitaalamu yanayoridhisha, kinabaki kitu kidogo ambacho hayakifikii.

Mdogo wangu wa kiume alihamia kanisa la maombezi, na yeye ndiye tuliyebishana naye zaidi. Hasira zake zilitokana na kisa cha mwanamke anayepungwa pepo katika msimu wa kwanza, halafu baadaye analishtaki Kanisa kwamba limemdhuru, alihitaji daktari wa akili. Mdogo wangu aliona hiyo ni njama ya kuwachafua watumishi wa Mungu. Nikamsimulia habari ya Anneliese Michel, msichana Mjerumani aliyekuwa na kifafa, akafanyiwa ibada za kupunga pepo mara 67 katika miaka ya 1975 na 1976. Alikufa Julai 1, 1976, akiwa na miaka 23, kwa kukosa chakula na maji, uzito umebaki kama kilo 30. Wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani mwaka 1978 kwa uzembe uliosababisha kifo. Hawakuwa watu wabaya, na walimpenda, tena walisali kwa machozi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, lakini wapo wanaopona." Ni kweli wapo. Nimewaona watu waliorudi na amani baada ya kuombewa, na sitamdharau mtu kwa hilo. Ninachodai ni dawa za kifafa ziendelee kumezwa wakati maombi yakiendelea.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu tunayechangia naye ukuta, alikuwa anaingia kutujulia hali kisha anakaa. Yeye alimfuata Ben tu. Alilalamika kwamba misimu mitatu nzima kila tatizo linapelekwa kwa padri, wakati mtu huyu ana kwao, ana kisomo chake. Basi alipofika msimu wa 4, Ben anapoanza kuona jini na kujitetea kwa kuweka karatasi ya foili ndani ya kofia, jirani alipiga makofi. "Si angesomewa Ayatul Kursiy tangu mwanzo!" Hapo nakubaliana naye kabisa. Waandishi walikuwa na hazina mikononi, mtu wa sayansi aliyezaliwa katika dini yenye elimu yake pana juu ya majini, wakaigusa kwa ncha ya kidole tu.

Mwigizaji aliyetuvutia wote kuliko wengine ni Andrea Martin, anayemwigiza Sista Andrea. Mtawa mzee, mfupi, anafagia na kupika kwenye nyumba ya mapadri, na yeye ndiye anayeyaona mapepo kwa macho, waziwazi, kama mtu anavyomwona kuku uani. Haogopi. Analifuata pepo na beleshi na kulitandika. Wakubwa wa Kanisa hawamsikilizi, wanamwona kizee aliyechoka akili. Ninawajua masista wa namna hii, wanaobeba parokia nzima migongoni na jina lao halitajwi siku ya shukrani. Na Michael Emerson anayemwigiza Leland, adui mkuu, anatisha kwa upole wake: anaongea kwa adabu, anatabasamu, na kazi yake ni kumsukuma polepole mtu aliyekwisha kuumia.

Ile sehemu ya msimu wa 2 inayotokea kwenye monasteri ambako hairuhusiwi kutamka neno, isikupite. Karibu sehemu yote hakuna mazungumzo, ni nyayo, kengele, vikombe na pumzi. Mimi siku hiyo sikuwa na cha kufasiri, na mama aliielewa yote.

Kasoro zipo na zinaniuma kwa sababu naipenda. Kuanzia msimu wa 3 mapepo wanakuwa wengi mno wakionekana mchana, wengine ni vichekesho, na ile hofu ya "ni pepo au ni homa?" inapungua. Kisa cha mtoto anayeandaliwa kuwa Mpinga Kristo kilirefushwa kuliko uwezo wake. Picha nyingi ni giza tupu, kwenye simu huoni kitu, tafuta skrini kubwa. Tena si ya kutazama na watoto hata kidogo: damu ipo, faragha zipo, na mabinti wanne wa Kristen wanaongea wote kwa pamoja kiasi kwamba mtoto wako anaweza kudhani ni tamthilia ya familia.

Sehemu inayoitwa Room 320 iliniumiza kama nesi. David amelazwa, amechomwa dawa, ulimi mzito, na anaamini nesi anayemhudumia anaua wagonjwa. Hakuna anayemsadiki kwa sababu amelewa dawa. Nilitamani kukasirika kwamba wametuchafua. Sikuweza. Mgonjwa asiyeweza kusema yuko mikononi mwetu moja kwa moja, na tangu siku ile mgonjwa wangu akiniambia neno lisiloeleweka, narudi kumuuliza tena.

Neno la mwisho ni kuhusu sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza, Rose390. Mtoto wa miaka 9 anamdhuru mdogo wake mchanga, wazazi wameishiwa mbinu, wanaomba apungwe pepo, uchunguzi unachukua muda. Wazazi hawakusubiri, wakammaliza wenyewe. Nilimfasiria mama nusu tu. Jambo hili lipo karibu nasi: mjini Kinshasa watoto wameitwa wachawi na kufukuzwa majumbani, hadi sheria ya Kongo ya 2009 ya ulinzi wa mtoto ikalifanya kosa kumtuhumu mtoto uchawi. London, siku ya Krismasi ya 2010, kijana wa Kikongo wa miaka 15, Kristy Bamu, aliuawa na dada yake na mwanamume aliyekuwa akiishi naye, wakidai ana uchawi. Kama umefiwa na mtoto, au una mtoto ambaye tabia yake inakukosesha usingizi, ruka sehemu hiyo, haikupotezei mtiririko wa hadithi. Na kama kuna mtu anakwambia mtoto wako ana pepo, mpeleke kliniki ya afya ya akili wiki hiyohiyo, usimwache mtu yeyote amfunge wala amnyime chakula, hata awe anaomba kwa jina la nani.

Evil naipa nyota 4 kati ya 5. Anza na sehemu ya kwanza, na usiitazame peke yako.