Kadi yangu ya msimu pale Strandvallen

Nilinunua kadi ya msimu ya klabu ya soka ya Mjällby AIF mwezi Machi 2025, sehemu ya kusimama, kwa sababu moja tu: kazini kwangu Sölvesborg, ninakohudumia wazee, asubuhi ya Jumatatu hakuna anayezungumza kingine. Nikasema na mimi nikaone. Ligi ilipomalizika Novemba nilikuwa nimemshuhudia bingwa wa Sweden msimu mzima, na sauti imenikauka kabisa.

Uwanja uko Hällevik, kijiji cha wavuvi mkoani Blekinge, kusini mwa Sweden, ambacho wakazi wake hawafiki elfu moja. Jina Strandvallen lenyewe linabeba neno ufukwe, na si bure. Bahari iko hapohapo, unapita misonobari na mchanga, na siku nyingine harufu ya samaki wa moshi inakupokea kabla hujaona nguzo ya taa. Aprili usidanganywe na jua. Niliona mpigaji wa kona akiuweka mpira, upepo ukauviringisha, akauweka tena, ukaenda tena, mpaka refa akasogea kuangalia kulikoni.

Lakini nililolipia hasa ni ukaribu. Hapa hawaingii hata watu elfu saba, wakati wapinzani kama Malmö, AIK na Hammarby wana viwanja vya miji mikubwa. Msimu huo wa 2025, ukisogea hadi kwenye uzio ulikuwa unamsikia golikipa Noel Törnqvist akiwapanga mabeki wake kwa sauti. Mzee mmoja anayesimama jirani yangu, mwenye chupa yake ya chai iliyojaa kahawa, ndiye aliyenifundisha kutazama. Kocha msaidizi wa msimu huo, Karl Marius Aksum, ana shahada ya udaktari, na utafiti wake ulihusu jinsi wachezaji wanavyotumia macho uwanjani. Mzee akaniambia, acha mpira, tazama shingo. Nikaanza kuhesabu: pasi bado iko njiani, kiungo kageuka kushoto, kulia, kushoto tena, na mpira ulipomfikia alikwisha kujua pa kuupeleka. Tangu siku hiyo siangalii mpira kama zamani. Kwenye runinga huyaoni haya, kwa sababu kamera inaufuata mpira.

Jambo jingine nililolipenda mno: Sweden haina VAR, yaani refa wa kurudia picha za video. Vilabu vinabaki mikononi mwa wanachama, kanuni inawapa wao kura zaidi ya nusu, na wanachama waliikataa. Kwa hiyo bao likiingia unashangilia papo hapo, unamkumbatia usiyemjua, na hakuna anayekurudisha nyuma dakika tatu baadaye. Refa akikosea tunakasirika, tunalalamika hadi kwenye maegesho, yanaisha.

Kasoro zipo. Mechi ya jioni ikiisha, mabasi ni machache, na usiku mmoja basi nililolitegemea halikutokea kabisa. Nilisimama kituoni saa nzima hadi familia moja ikanionea huruma na kunipa lifti. Kama huna gari, panga safari ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Pia tiketi nilikuwa nayo kwenye simu, na baridi inamaliza chaji haraka, basi iweke mfuko wa ndani.

Halafu kadi ni ya mechi 15 za nyumbani tu, nusu ya ligi. Ubingwa wenyewe ulipatikana Göteborg, tarehe 20 Oktoba, kwa ushindi wa 2–0 dhidi ya IFK, klabu ya mji huo, mechi tatu zikiwa zimebaki. Mimi nilikuwa zamu. Mzee mmoja tunayemhudumia, ambaye siku zote hulala mapema, usiku ule alikataa katakata. Nilikaa naye mbele ya runinga, skafu ya njano na nyeusi magotini mwake. Filimbi ya mwisho ilipolia hakusema neno, alinishika mkono akaukaza. Huyu aliiona klabu mwaka 2016 ikiwa daraja la tatu, haina fedha, ikiponea chupuchupu kushuka hadi la nne. Imeanzishwa 1939, na hilo lilikuwa taji lake la kwanza la ligi. Ikamaliza na pointi 75, rekodi ya Allsvenskan, ligi kuu ya Sweden, baada ya kupoteza mechi moja tu kati ya 30. Nilimwacha na skafu yake, nikazima taa, nikaenda korido kulia kidogo.

Je, pesa yangu ilikwenda vizuri? Ndiyo, kila krona. Anayetaka kiti laini, paa na wimbi la watu elfu thelathini aende Stockholm, atafurahi huko. Mimi nimeshalipia 2026, mahali palepale. Ukija, vaa soksi mbili, fika saa moja kabla ili upate nafasi kwenye uzio, na muulize mzee mwenye chupa ya chai akuonyeshe nani wa kumtazama.